Umeshinda mnada, hela iko wapi?

Wadogo zangu wengi wanaotaka kuanza kunadi vitu WhatsApp wananifuataga inboksi na maswali yaleyale, dada belo la mitumba unachukulia wapi, dada grup ulilijazaje watu, dada saa ngapi watu wanakuwa hewani. Yote nawajibu. Ila hamna anayeuliza lile swali ambalo kwangu ndo lenyewe: mtu akishinda mnada alafu asilipe, unafanyaje? Na hili ndo linaua minada mingi ya huku kwetu, sio kukosa wateja, wateja wapo tena wengi, Mbeya hii watu wanapenda mnada sana na dau likianza kupanda hata aliyesema analala anaamka. Tatizo linaanza baada ya kusema limeenda.

Mi nanadi mitumba ya baridi. Makoti, masweta mazito, jaketi, mabuti. Anayekaa huku nadhani anaelewa kwa nini, mwezi wa sita na wa saba Uyole asubuhi unaongea mvuke unatoka mdomoni, Njombe na Makete ndo usiseme, unaamka majani yamepiga barafu. Kwa hiyo soko lipo ila ni la msimu, koti ambalo Juni watu wanaligombania mwezi wa kumi jua likishakuwa kali unalibembelezea mtu na bado anakwambia punguza. Mkae na hilo akilini maana wengine wanasemaga aah si umngoje tu, koti halinuki, halioozi. Halioozi kweli, lakini baridi inaisha.

Angalia mnada wa mtaani kwanza. Ukipita masoko ya Mwanjelwa au Sido unamkuta kaka kapanda juu ya meza kashika shati, tatu hapa, nne yule mama, nne na mia tano huku, ukisema tano anakurushia shati na mkono mwingine kashaunyoosha anataka hela yake. Hamna nafasi kati ya kushinda na kulipa. Kwenye simu ile nafasi ipo, inaweza kuwa dakika tano inaweza kuwa wiki, na ujinga wote unaingilia hapohapo.

Nitoe mfano mmoja wa kweli ili tuelewane. Nilikuwa na koti refu la sufu, kahawia, bitana ndani nzima, vifungo vyote vipo hata kile cha akiba kimeshonewa kwa ndani, koti ambalo ukilishika tu unajua hili halikuvaliwa sana. Nikalianzisha elfu kumi na tano. Dada mmoja wa Tukuyu akaweka kumi na sita, kaka wa Iyunga kumi na nane, dada akaweka ishirini. Kaka akaandika kabisa "mi naishia hapo, dada chukua". Ndo nikasema ishirini mara ya kwanza, mara ya pili, ghafla ikaingia namba ngeni haijawahi kusema kitu kwenye grup ikaweka ishirini na tatu. Dada ishirini na tano. Ile namba ishirini na nane. Dada akakaa kidogo, naona anaandika anafuta anaandika, akaweka thelathini. Ile namba haikukaa hata sekunde, thelathini na tano. Dada akanyamaza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, limeenda.

Nikamtumia mshindi lipa namba na jina litakalotokea. Tiki za bluu. "Sawa dada natuma sahivi." Baada ya saa nzima, "natafuta wakala". Asubuhi yake, "mtandao unasumbua". Mchana sikujibiwa, jioni picha yake ya profaili imepotea na meseji zangu zina tiki moja, nimeblokiwa. Mtu aliyekuwa anapandisha dau bila hata kupumua.

Sasa hapa ndo nataka tuwe makini. Wauzaji wengi kitu kama hiki kikitokea wanajiona wao ndo wameumizwa, wamepoteza thelathini na tano. Hapana. Ile thelathini na tano haikuwepo, huwezi kupoteza kitu ambacho hakikuwepo. Aliyeumizwa ni dada wa Tukuyu. Alikuwa anashinda kwa ishirini, kihalali kabisa, mpinzani wake kashasema anaishia hapo, alafu akatokea mtu wa hewa akamnyang'anya koti na kumpandisha mpaka thelathini juu yake.

Na wengi wanaongeza dhambi juu ya dhambi. Wanampigia wa pili, "dada una bahati, mshindi kashindwa, lichukue kwa dau lako la thelathini". Dau lake kweli aliliandika mwenyewe, lakini alikuwa anashindana na nani kuanzia ishirini kwenda juu? Na mtu ambaye hakuwa na hela. Ukiyafuta madau yote ya yule mtu, koti linarudi ishirini, kwa sababu kaka wa Iyunga aliishia kumi na nane. Hiyo ndo bei halali, na hiyo ndo niliyomwambia. Unajua aliniuliza nini kabla hata hajashukuru? "Dada, samahani lakini, yule hakuwa mtu wako?" Yani alidhani nimepanga mtu wa kupandisha. Nilielewa kwa nini anauliza, sikukasirika, maana kwa upande wake ingeonekana hivyohivyo ningekuwa mkweli au tapeli, hana namna ya kutofautisha. Kitu pekee kilichomtofautishia ni ile bei. Ningemwambia thelathini angelipa labda, na asingerudi tena, na angewaambia wenzake wote Tukuyu kwamba ule mnada una watu wa kupanga. Nilimwambia ishirini akatuma palepale na ya kutolea juu, kwa hiari yake, koti likapanda kosta kesho yake asubuhi, jioni akanitumia picha amelivaa na neno moja tu, "Ndaga", yani asante kwa Kinyakyusa.

Hili tatizo si la huku tu na si la watu wa kwetu tu, maana kuna wanaopenda kusema Watanzania ndo tulivyo. eBay wapo kwenye hii kazi tangu 1995 Pierre Omidyar alipoanzisha ule mtandao wa minada kule Marekani, kitu chake cha kwanza kuuzika kilikuwa kitochi cha leza kibovu kikaenda kwa dola 14.83, na mpaka leo wana utaratibu mzima kwa ajili ya washindi wasiolipa. Mnunuzi anapewa siku 4. Zikipita muuzaji anaweza kufuta oda kwa sababu hajalipwa na anarudishiwa ile ada ya mauzo. Anaweza pia kuweka kwenye mipangilio yake kwamba watu wenye rekodi ya kutolipa wasiguse vitu vyake. Na kuna ile nafasi ya pili, unampa aliyefuata kwa dau kubwa aliloweka mwenyewe. Mimi na eBay hapo tunaachana, nishaeleza kwa nini, ingawa najua wao wana mamilioni ya watu na mashine ndo inahesabu, mimi nina grup moja na naona nani kaongea baada ya nani. Kama unaweza kuona, rudi nyuma mpaka pale mtu wa hewa alipoingilia. Na hizo siku 4 kwa koti la Juni ni nyingi. Mimi ni saa sita mchana kesho yake, basi.

Ila sio kila anayechelewa ni mtu wa hewa. Kuna kaka wa Kyela alishinda mabuti, akaniandikia usiku uleule kabla hata sijamtumia namba, dada nimeyapenda sana ila hela ya kakao haijaingia, naomba mpaka Ijumaa. Ukijua kakao ya Kyela na Rungwe inavyouzwa unamwelewa, mkulima anapeleka mzigo ghalani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unanadiwa, alafu anakaa anasubiri malipo, yani yeye mwenyewe yuko upande wangu wa mnada, ameuza na anangoja mnunuzi aingize hela. Nilimwekea. Ijumaa hakutuma, Jumamosi saa mbili asubuhi ikaingia yote. Mtu kama huyo nampa hata wiki. Ninachoomba ni kitu kimoja, sema KABLA ya kuweka dau, andika tu "nahitaji mpaka Ijumaa", ili yule unayeshindana naye ajue anashindana na hela ya Ijumaa na mimi niamue kama nakubali. Ukisema baada ya kushinda umeshamtoa mwenye hela ya leo.

Wengine sababu zao nazijua pia. Kuna wanaopandwa na moto wa mnada, anaweka dau kwa sababu hataki kushindwa, likitulia anahesabu na kukuta ni hela ya ada ya mtoto. Kuna ambaye kesho yake kapita Kabwe kaona koti linalofanana kwa bei ya chini. Kuna vijana wanacheza tu, bando la usiku lipo, hawana hela hata ya kuanzia. Na kuna, samahani kusema, wauzaji wenzetu wanaoingia kuharibu. Siwezi kujua kila mmoja ana nini moyoni na sihitaji kujua, nikikaa kuchunguza nia za watu sitauza hata soksi. Nachohitaji ni mpangilio unaomzuia wa hewa mlangoni na kumpitisha wa kweli.

Ndo maana nina hela ya ushiriki. Elfu tano, inaingia kabla ya mnada kuanza. Ukishinda inahesabiwa kwenye bei. Usiposhinda narudisha usiku uleule na makato ya kurudisha nabeba mimi, au unaniambia ibaki kwa ajili ya mnada ujao, wengi wanasema ibaki. Ukishinda na usilipe mpaka saa sita mchana, ile elfu tano sikai nayo mimi, inalipia nauli ya mzigo wa yule wa pili na kinachobaki kinapungua kwenye bei yake. Hii sehemu watu wanaishangaa ila kwangu ndo haki yenyewe, aliyevurugiwa mnada ndo afidiwe. Na mimi nikianza kula hizo elfu tano, si nitaanza kufurahia watu wasipolipa?

Wapo walionambia elfu tano itawafukuza watu wa hali ya chini. Nililifikiria hilo sana kwa sababu wateja wangu wengi ni hao, mama anayeuza ndizi Kiwira, dada wa saluni, watu wanaotoka shamba viazi. Lakini mtu aliyekuja kushindania koti la ishirini anayo tano, asiye nayo leo hatakuwa na ishirini kesho saa sita. Na kwa aliyeshanunua kwangu na kulipa sidai tena ushiriki, jina lake linatosha. Mgeni kabisa ambaye hataki kutuma hela kwa mtu asiyemjua, na ana haki ya kuogopa, utapeli umejaa, namruhusu kwenye vitu vya chini ya elfu kumi bila ushiriki. Akilipa viwili vitatu mlango umefunguka. Kama ni jambo geni kwako angalia matangazo ya minada ya nyumba kwenye magazeti, mengi yanasema mshindi alipe asilimia 25 palepale na iliyobaki ndani ya siku 14. Nyumba wanafanya hivyo, na hapo watu wanaonana uso kwa uso.

Kuhusu kulipa kwenyewe nitapita harakaharaka. Usiamini skrinishoti, usiamini meseji iliyoforwadiwa, meseji ya muamala ikikujia kutoka namba ya kawaida ya mtu hiyo ni feki hata kama imeandikwa vizuri kiasi gani, fungua menyu angalia salio lako mwenyewe ndo ufunge mzigo. Mazungumzo usiyafute, kuna mtu analipa vizuri, mzigo ukishapanda boda anapiga huduma kwa wateja anadai alikosea kutuma na kuomba muamala urudishwe, hapo bila meseji za kuonyesha alinunua nini huna la kusema. Na hii ya "tuma nitalipa ukifika", kwa mji wa mbali mimi sifanyi kabisa. Mzigo unakwenda Makambako unakaa ofisini kwa basi, simu haipokelewi, unarudi, na nauli unalipa kwenda na kurudi. Ndani ya jiji sawa, Soweto, Mafiati, Ilomba, boda anasubiri getini, hela ikiingia anatoa mfuko.

Sheria je? Ipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, inasema mauzo ya mnada yanakamilika mnadi anapotangaza kwa nyundo au kwa namna nyingine iliyozoeleka, na kabla ya hapo mtu anaruhusiwa kuondoa dau lake. Kwa hiyo "limeenda" yangu ina maana, na mtu akighairi wakati bado nasema mara ya pili simlaumu hata kidogo, ni haki yake. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji kama zile za kwenye grup zinaweza kupokelewa kama ushahidi. Lakini nani ataenda Mahakama ya Mwanzo kwa koti la elfu thelathini, nauli, foleni, siku nzima hujafungua biashara? Kwa mzigo mkubwa sawa, mtu akikuangusha kwenye belo zima usinyamaze. Kwa vitu vyetu vya rejareja sheria inakusaidia kujua tu nani yuko sahihi.

Sasa hili la mwisho ndo linanitoaga machozi kabisa. Kuaibishana. Mtu hajalipa, muuzaji anachukua picha yake ya profaili, anaandika TAPELI kwa nyekundu, namba na mtaa anaokaa, anasambaza kwenye magrup yote ya Mbeya mpaka Tunduma. Nimeona mama mmoja wa kanisani, mtu mzima, anaheshimika, picha yake inazunguka hivyo kwa ajili ya sweta la elfu nane, kumbe simu alikuwa nayo mjukuu aliyefunga shule. Ile picha haikurudi. Aliyeposti alifuta kwake ila ilishasambaa, na yule mama alianza kuulizwa hadi sokoni. Elfu nane! Hela ambayo hakuna aliyeipoteza, sweta lilikuwa bado liko dukani.

Mi nasema wazi, huko ni kumdhulumu mtu kuliko alivyokudhulumu yeye. Na ujue tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, namba ya mtu na sura yake sio mali yako ya kusambaza eti kwa sababu alikuwa kwenye grup lako. Hata eBay tangu 2008 muuzaji haruhusiwi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, waliona wauzaji wanawalipizia kisasi wanunuzi waliowalalamikia. Ninachofanya mimi, asiyelipa namwandikia yeye peke yake, "hukulipa koti, limeenda kwa aliyefuata na ushiriki wako umemlipia nauli, ukitaka kurudi tuma ushiriki mpya elfu kumi", namtoa, basi. Wapo waliorudi. Mmoja alikuwa kalazwa hospitali ya Rufaa na mimi nilikuwa sijui, fikiria ningekuwa nimembandika.

Kwa waliokuwa wanataka maneno yenyewe, haya ndo nayobandika juu ya grup nusu saa kabla, nakili tu ubadilishe namba na bei zako:

"Habari za jioni ndugu zangu, kamwene wa Iringa, karibuni. Leo tuna makoti na mabuti. Ushiriki 5,000 kwa wageni, waliowahi kununua pitieni bure. Vya chini ya 10,000 kila mtu anaweka dau. Unayehitaji muda wa kulipa sema kabla ya dau lako. Kughairi unaruhusiwa mpaka nitakapoandika LIMEENDA, baada ya hapo ni lako. Malipo yaingie kabla ya saa sita mchana kesho, yasipoingia madau yako yote yanafutwa na kitu kinaenda kwa aliyekuwa anaongoza bila wewe, kwa bei iliyokuwepo bila wewe, na ushiriki wako unamlipia nauli. Mwenye swali aulize sahivi, tukianza sijibu mpaka tumalize."